Nywele za Wodini

Shangazi yangu ni msusi. Zamani alisukia barazani kwetu, mteja kwenye kigoda, yeye kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliopasuka, na mdomo wake ukienda kasi kuliko vidole. Siku hizi ameolewa mbali, na baraza limenyamaza. Nikipita pale bado nasikia harufu ya yale mafuta ya nywele, au labda najidanganya tu.

Mwaka ule mdogo wangu, tuliyemwita Waziri kwa sababu ya maneno mengi, alivimba shavu. Tukajua ni jino. Likang'olewa. Shavu likazidi, likang'olewa la pili, na Waziri akanyamaza, kitu ambacho tulikuwa hatujawahi kukiona nyumbani kwetu. Hospitali kubwa wakamkata kinyama kidogo, wakakipima, wakasema ni limfoma, saratani ya tezi. Kwa watoto inakwenda mbio, wakasema, lakini dawa nayo inaiwahi, mradi amalize mizunguko yote.

Shule nilikuwa nimeshaiacha, kwa hiyo mimi ndiye niliyepeleka nguo safi wodini.

Dripu ya kwanza ilitushangaza. Shavu lililokuwa kama lina chungwa ndani lilinywea ndani ya siku chache, na Waziri akaanza tena kutoa amri. "Dada, sogeza mto. Siyo huko!" Mama akalia kwa furaha, kisha akaanza kukunja mashuka.

"Mama Waziri, safari ya wapi?" sista akauliza.

"Nyumbani. Mtoto kapona, si unamwona?"

Sista akamweleza kwamba kilichoondoka ni kile cha kuonekana. Kilichobaki ndicho kibaya. Mama akaitika "ndiyo, ndiyo," ile ya kumwondoa mtu mbele yako. Kitanda cha jirani kilikuwa kitupu. Kabinti aliyelala pale naye alinywea shavu vilevile, wazazi wake wakamchukua, akaondoka anacheka.

Ndipo Shangazi akaingia na kitana chake. Akamtazama mama kichwani.

"Wifi, unarudi mtaani na kichwa hiki? Watasema kaka yangu kaoa jini."

"Basi nisuke harakaharaka, kesho niondoke."

"Haraka? Mimi nasuka, sifungi magunia."

Shangazi huyu, anayemaliza kichwa kabla jua halijawa kali, siku ile alisuka rasta nyembamba kama uzi. Jioni alikuwa amefika nusu. Nikamwangalia, akanikonyeza. Kesho yake akasema mistari imepinda, akafumua.

"Kazi ulijifunzia wapi wewe, kwa konokono?" mama akalalamika. Wodi nzima ikacheka.

"Na mimi nisuke," akasema Waziri, ambaye nywele zake zilikuwa zimeanza kubaki kwenye mto.

"Wewe nitakupanda mbegu kwanza, mheshimiwa."

Mama ni mtu wa kujipenda. Hakuwa wa kupanda basi huku upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama kama ufagio. Akajitanda khanga, akakaa, ananung'unika.

Wakiwa katika hali hiyo, yule kabinti akarudishwa, amebebwa na baba yake, tumbo limejaa. Mama yake aliketi pembeni ya kitanda na hakutuangalia hata mara moja. Madaktari walihangaika naye. Mwisho tukaja kukuta kitanda kimetandikwa upya, shuka limenyooka, hakuna mtu.

Mama akafungua furushi, akarudisha nguo za Waziri kwenye kikabati, moja moja.

"Wifi, malizia hizi nywele. Siendi popote."

"Mistari bado kidogo..."

"Acha utani. Tangu lini wewe kichwa kimoja kikakuchukua siku na siku?"

"Kumbe ulijua?"

"Kichwa changu mwenyewe, nisijue?"

Shangazi akacheka mpaka kitana kikamdondoka, halafu akageuka dirishani akajifuta macho kwa pindo la khanga.

Rasta zikaisha siku hiyo hiyo. Dawa haikuisha upesi hivyo. Waziri alitapika, akabaki kipara, akatugombeza wote, na mama hakuruka mzunguko hata mmoja. Siku daktari aliposema dawa imekwisha, sasa mtakuja kuangaliwa tu, Waziri alikimbia korido nzima akipiga kelele. Sista, aliyezoea kutunyamazisha, alimtangulia akamfungulia mlango.