Niliunyoosha Mpaka, Choo cha Mukungu Kikaingia Bustanini

Kosa ni langu, na nalisema kabla mtu wa kijiji chetu cha Kishanda hajanitangulia: mimi ndiye niliyeng'oa milamula ya akina mama.

Milamula ni mimea tunayopanda sisi Wahaya kuonyesha mpaka wa ardhi. Mukungu wetu, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa amekubali kuwapa akina mama wa jirani kipande cha rweya, nyika isiyo na migomba, walime njugu na mboga kwa pamoja. Walikuwa wameomba mwaka mzima. Wa kwanza kuomba alikuwa Ma Kokugonza, mjane aliyefukuzwa na shemeji zake kwenye kibanja cha marehemu mumewe. Hakuwa na pa kupanda hata boga.

Mukungu aliuzunguka mpaka kwa miguu, mashahidi watatu nyuma yake. Milamula ikapandwa, rubisi ya ndizi ikanywewa. Akatangaza, "Atakayevuka hapa bila ruhusa ya akina mama hawa atajibu kwangu."

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mpaka tu. Mpaka ulikuwa umepinda kama utumbo wa mbuzi. Nilikuwa nimejifundisha kupima ardhi kwa kitabu kisicho na jalada, na nyumbani hata kuni nilizipanga kwa urefu. Siku tatu chakula hakikupita. Alfajiri ya siku ya nne nikaenda na kamba, nikaing'oa milamula yote, nikaipanda upya hatua nne nne, imenyooka kabisa. Nikaifuta hata majani.

Sikujiuliza kwa nini mpaka ulikuwa umepinda pale nyuma ya nyumba ya mukungu.

Asubuhi ileile alitoka kwa haraka, ameshika tumbo, akakuta choo chake, kile alichosifiwa na Bwana Afya wa Mwingereza, kiko ndani ya bustani. Tangazo lilikuwa lake mwenyewe, na watu walikuwa wanapita kwenda chemchemini.

"Ma Kokugonza," aliita alipomwona bustanini, "naomba ruhusa."

"Ya nini, waitu?" alimjibu kwa heshima.

"Ya kupita."

"Wenyewe tuko saba. Ngoja niwaite wenzangu."

"Mama, usiwaite!"

Alivuka bila ruhusa. Alipotoka chooni alisema ardhi ile haina tena mpaka, na asiye na mpaka halimi. Nilikiri palepale, lakini mpaka haupandwi upya bila mashahidi walewale, na mmoja alikuwa ameshakwenda kuvua samaki kisiwani Bumbire. Tukamngoja. Mvua zikaja, zikaisha.

Ma Kokugonza hakunitukana. Aliniletea bakuli. "Mwana wange, zile mbegu zangu za njugu nimezipika. Kula, zisiharibike."

Nilizila zote mbele yake. Sijawahi kula kitu kigumu hivyo, na zilikuwa zimeiva vizuri.

Sasa shahidi amerudi, milamula imepandwa, imepinda kuliko mwanzo. Mimi hupita pale mikono mfukoni. Nawe kijana unayeona kila kitu kimekaa vibaya, tafadhali, kamba yako itumie kufungia mbuzi.