Kwenye Sutuhi Yake Hakukuwa na Sinia

Lile sinia la bati nililitoa mimi mwenyewe mikononi mwa binti yangu, nikamwekea mwongozaji mapajani. "Shika," nikamwambia. "Lizoee na wewe."

Sikupanga, mwenzangu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya ukumbi na mama wenzangu, hapa Riyadh, chupa ya chai miguuni, kama nilivyokaa kila Jumamosi kwa miezi minne. Ni kituo cha kufundisha watoto kuigiza. Mwalimu, ndiye huyo mwongozaji, kaletwa kutoka Uingereza, mtu wa jukwaa na televisheni, na picha zake zimejaa ukutani: hapa kasimama na fulani, hapa kamwongoza fulani. Sawa. Siku nne kabla ya onyesho, mtoto anayeigiza malkia kashikwa na tetekuwanga. Binti yangu, wa miaka minane, ndiye mjakazi wa malkia. Kazi yake kuingia na sinia, kuinama, kutoka. Akanyoosha mkono: "Mie nayajua maneno yote ya malkia." Na anayajua kweli. Anayajua ya kila mtu, mpaka ya punda.

Mwongozaji akatabasamu. Akamwambia yeye ni mjakazi mzuri mno, hawezi kumpoteza. Malkia atasomwa na msaidizi wake, mwanamke mzima, kutoka kwenye karatasi. Mtoto akauliza kwa nini. "Kwa sababu watu wakikutazama, mpenzi, hawatamwona malkia." Tena kwa sauti tamu, ile ya kufundishwa.

Binti yangu akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Basi. Halas. Hapo ndipo nilipoinuka.

Kwenye gari mume wangu hakufoka, kila mara alikuwa akipangusa kioo tu. "Sisi tunaishi kwa ikama hapa, mama, kibali wanaweza kukifuta. Usituletee maneno." Mwili ulikuwa kwenye gari, mwenyewe nilikuwa Jeddah, mtaa wa Hindawiyah, nina miaka saba, niko kwenye sutuhi, juu ya paa bapa la nyumba yetu, na shuka mbichi zinanipiga usoni.

Nyumba ile ilikuwa ya ghorofa tatu, imejaa watu wetu, waliotoka Unguja na mabegi mawili mawili na wakazaa watoto wasioijua Unguja. Chini kulikuwa na duka la fuli, yale maharage ya kupondwa, harufu ya kitunguu na bizari ikipanda ngazi tangu alfajiri. Kazi yetu watoto ilikuwa kuchambua mchele, kupandisha nguo na kuanika. Tukishaanika, sutuhi ilikuwa yetu mpaka adhana ya magharibi. Yetu na ya Bi London, aliyetufundisha kuigiza.

Bi London alikuwa jirani wetu wa juu. Aliondoka Unguja msichana, akaenda Uingereza kusomea uuguzi, akautupa uuguzi akaingia kwenye michezo ya kuigiza. Zaidi ya miaka ishirini! Alianza kwenye miji ya baridi huko kaskazini, kwenye kumbi ambazo kila wiki mbili wanabadilisha mchezo: asubuhi unajifunza wa mbele, jioni unacheza wa sasa, usiku unakula kabichi ya mwenye nyumba. Kisha London, kisha televisheni. Alikuja Jeddah kumuuguza kaka yake. Kaka akafa, yeye akabaki, na sanduku moja la picha na viatu vya kisigino alivyovaa hata kufua.

Usidhani alikuwa mtu mpole. Alikuwa na ulimi. Televisheni ikionyesha mchezo wa Kiingereza tulimsikia mpaka chini: "Huyu! Huyu alikuwa hajui hata kusimama! Nimemfundisha mimi kusimama!" Maana wale aliobeba nao mikuki na vikombe pembezoni mwa jukwaa walipanda. Mmoja akawa mwongozaji mkubwa, mwingine akapewa cheo na malkia wao, wa tatu kila filamu yumo. Yeye alibaki na sinia. Muuguzi mwenye sinia, mpishi mwenye sinia, mjakazi wa nchi isiyo na jina, mwenye sinia. Alitupigia hesabu ya maneno: "Miaka yote ile, sentensi yangu ndefu kuliko zote ilikuwa 'Chai tayari, bibi.'" Tukacheka sana. Tulikuwa watoto.

Kwa hiyo kwake sheria ya kwanza ilikuwa hii: sinia marufuku. Bibi yangu alikuwa akituletea vitumbua vya moto jioni, na mara ya kwanza alipanda navyo kwenye sinia. Alirudishwa ngazini. "Hapa kwangu hakuna kubeba sinia, Bi Mkubwa. Shuka nalo." Bibi akasonya, akashuka, akapanda tena na vitumbua kwenye ndoo ya kufulia, kabinua mdomo. Toka siku hiyo tulikula kwenye ndoo, na mpaka leo kitumbua kisichonukia sabuni kidogo mie huona kimepungukiwa.

Sheria ya pili ndiyo iliyonilea. Kila mtoto alijifunza mchezo mzima, maneno ya wote. Ilibidi iwe hivyo, kwa sababu wakati wowote mama mmoja angepiga kelele ngazini, "Yalla, chuoni!", na mfalme wetu angevua taji akakimbia kusoma Kurani katikati ya hukumu. Aliye karibu analiokota taji, anaendeleza pale pale neno lilipokatika. Mtu akisita, Bi London anampiga kofi la hewa: "Kichwa juu! Wanakutazama!" Waliokuwa wakitutazama ni njiwa wa jirani. Siku niliyoliokota mimi, mfalme wetu alikuwa mvulana mnene na taji likanishuka mpaka puani. Nilihukumu kesi nzima bila kuona mtu. Bibi yangu, na ndoo yake, alisimama kunipisha.

Bi London alitueleza alikoitoa sheria ile. Huko Uingereza kila mwigizaji mkubwa ana mtu wake wa akiba, anayejifunza maneno yote, anakaa kwenye chumba cha nyuma kila jioni akisubiri mwenzake akaukiwe sauti. Yeye alikuwa akiba misimu mitatu. Jioni moja yule bibi mkubwa akateguka mguu. Bi London akavaa, akapaka rangi, akasimama nyuma ya pazia akiwasikia watu wakikohoa upande wa pili. Meneja akaja, akamtazama kutoka juu mpaka chini, ngozi yake nyeusi kama yetu. Kisha akatoka mbele, akawaambia watu mchezo umevunjwa, warudishiwe fedha zao.

Bibi yangu, ambaye hakuwahi kuingia ukumbi wowote, akauliza: "Na wewe ukafanya nini?"

"Nikavua nguo zao, nikaenda kupanda basi."

"Hukuwaandikia?"

"Nilinyamaza kwa heshima."

"Heshima gani hiyo, mwanangu?" bibi akasema. "Mbona hawakuiona?"

Bi London alikula kitumbua kutoka kwenye ndoo, viatu vyake vya kisigino kavivua kavishika mkononi, na ndiyo mara pekee niliyomwona peku.

Bibi hayupo. Bi London hayupo. Hindawiyah yetu imebomolewa. Nilipokwenda mwaka juzi nilikuta uwanja wa kifusi uliosawazishwa, nikakadiria kwa macho, hapa duka la fuli, pale juu hewani sutuhi. Hewa tupu. Sanduku la picha sijui liliishia wapi. Kilichobaki ni mtoto mmoja hapa Riyadh, niliyemfundisha kuwa mchezo hujifunzwa mzima. Na huyo hataenda kupanda basi.

Tulipofika nyumbani nilimpa mtoto daftari na penseli, nikamwambia aandike. Mume wangu alisimama mlangoni akimtazama, akanitazama mimi, akaenda kuchonga penseli ya pili. Na mimi nikaandika barua, asubuhi nikaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya kituo, nikangoja wapige muhuri wa kupokea. Niliandika kwa Kiarabu. Kwa lugha yetu inasema hivi:

Kwa Mkurugenzi wa Kituo. Yah: Malalamiko dhidi ya mwongozaji wa mchezo wa watoto.

Mimi ni mama wa mtoto anayeigiza mjakazi. Siku ya Jumamosi, mbele ya wazazi, mwongozaji alikataa kumjaribu binti yangu kwa nafasi ya malkia, akasema watu wakimtazama hawatamwona malkia. Nafasi akampa mtu mzima asiyeyajua maneno. Naomba mambo matatu: mwongozaji amwombe radhi mtoto mbele ya watoto wenzake, binti yangu ajaribiwe kwa haki kabla ya onyesho, na jibu nilipate kwa maandishi.

Nimeambatanisha kurasa kumi na tisa. Ni mchezo wote, maneno ya kila mtu, aliouandika binti yangu kutoka kichwani. Ulinganisheni na karatasi ya msaidizi.

Sinia nimewaachia. Mtoto yuko tayari.