Mashine Iliyowaamkia Mbuzi

Nakumbuka asubuhi moja hapa Matongo, kabla sijafika kwenye kona ya njia inayoshuka kituo cha bodaboda, nilisikia watoto wakiitikia kwa pamoja: "Marahabaaa!" Kimya kidogo. Kisha tena, "Marahabaaa!" na kicheko kirefu kilichowarusha kunguru kutoka juu ya mabati. Nikasimama. Nani huyo anawaamkia watoto wadogo shikamoo? Nikadhani ni mlevi aliyekuwa hajafika kwake tangu jana. Nilipokata kona nikamwona. Kumbe ni mashine yangu.

Kaa vizuri, mwanangu. Umekuja kuniambia kwamba mashine yako imeanza kukuachia ziada na unataka kujua uipeleke wapi. Sitakujibu moja kwa moja. Mtu wa umri wangu akijibu moja kwa moja anaonekana ana haraka ya kwenda mahali, na mimi sina pa kwenda.

Utasema wakati ule nilikuwa tayari mzee. Kweli, mvi zilikuwepo. Lakini katika biashara nilikuwa kijana wa juzi, na ujana wa biashara una wazimu uleule wa ujana mwingine: unataka kuonekana.

Maisha yangu ya kazi niliyamaliza nikiwa dereva wa hoteli moja ya mbugani, upande wa Ikoma. Ndani ya hoteli ile kulikuwa na mashine ya soda. Mgeni anatumbukiza hela, soda inaanguka, anakunywa, anaondoka. Niliitazama miaka na miaka kama wengine wanavyotazama ng'ombe wa jirani. Nilipostaafu, badala ya kununua ndama kama ndugu zangu walivyotarajia, nilichukua kiinua mgongo changu nikanunua mashine ya kuuza maziwa. Ndugu walikuja kunipa pole.

Mashine ilikuwa kabati la chuma linalong'aa, na tangi na ubaridi ndani, na koki mbele. Unaweka chombo, unatumbukiza sarafu, maziwa yanashuka. Mke wangu, Mama Ghati, ndiye aliyekuwa moyo wake. Alfajiri alipokea maziwa kutoka kwa wafugaji, akayapima, akayachemsha, akayapoza, akajaza tangi, na jioni akaosha mipira yote kwa maji ya moto. Kazi yangu mimi ilikuwa kusimama kando na kuitwa mwenye mashine.

Wateja walikuja. Vijana wa mashimo ya dhahabu walifika na vumbi mpaka kwenye kope, wakaagiza maziwa kwa imani kwamba yanaosha kifua. Sikuwathibitishia wala sikuwakatalia. Wazee walikuja na vibuyu vyao. Miezi ikapita, na siku moja, baada ya kulipa wafugaji, umeme na kodi ya eneo, tukaona kuna hela imebaki ambayo haina mwenyewe. Mwanangu, hela ya namna hiyo inapendeza sana. Inakaa kama mgeni mzuri, na wewe unaanza kumtafutia shughuli.

Mama Ghati akaitafutia shughuli mara moja. Kule Ikoma kulikuwa na mama mwenye duka, rafiki yake, ambaye kila siku alisikia askari wa wanyamapori na wafanyakazi wa hoteli wakilalamika kwamba hawapati maziwa. Akatuwekea nafasi ukutani kwake kwa ajili ya mashine ya pili, akasema atatusubiri mpaka mwisho wa mwezi. Tulikubaliana. Natamka neno hilo kwa uangalifu, kwa sababu mke wangu hulitamka mpaka leo: tulikubaliana.

Ndipo akaja fundi kutoka Sirari. Alikuja kukaza waya mmoja tu, akaukaza, kisha akarudi nyuma hatua chache akaitazama mashine kwa huruma.

"Mzee, hii mashine yako ni bubu," akasema.

"Bubu vipi?"

"Kule ng'ambo ya mpaka zinaongea, mzee wangu. Kastoma anasikia sauti tamu, akishtuka ashanunua. Hii yako imenyamaza tu kama imefiwa."

Nikaitazama. Kweli ilikuwa bubu. Mpaka dakika ile sikuwa nimeiona kasoro hiyo, na tangu dakika ile sikuona kitu kingine. Nikachukua sehemu ya ziada bila kumwambia Mama Ghati. Nilitaka kumshangaza, na nilifaulu.

Fundi alifunga spika na kijicho cha kuhisi mtu akikaribia. Sauti aliirekodi kwa binti wa dada yake, sauti laini kama maziwa yenyewe: "Karibu mteja. Weka chombo. Weka sarafu. Chagua kiasi." Niliisikiliza mpaka vinyweleo vikasimama. Mama Ghati aliisikiliza mara moja, akaniuliza imegharimu nini, akaenda kuosha mipira.

Mteja wa kwanza siku iliyofuata alikuwa Mzee Nyamhanga, jirani yetu, mkubwa kuliko wote upande huu. Ng'ombe wake alikwisha kuwagawia wanawe, kwa hiyo maziwa alinunua kwetu. Akafika na kibuyu chake, akasimama mbele ya mashine, akaegemea fimbo.

"Karibu mteja. Weka chombo."

Mzee akasubiri.

"Weka sarafu."

Mzee akageuka kunitazama. "Chacha, huyu binti ni wa nani?"

"Ni mashine tu, mzee."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza ni wa nani. Weka hiki, weka kile, hata shikamoo hakuna. Kwao hawakumfundisha?"

Akaondoka na kibuyu kitupu. Kufika jioni, wazee wote walikuwa wamesikia kwamba maziwa ya Chacha yana kiburi. Na nyumba ambayo mzee amekataa maziwa yake, wajukuu hawatumwi huko. Sarafu zikapungua kwenye kisanduku kama maji ya bwawa wakati wa kiangazi.

Mtu mwenye akili angezima sauti. Mimi nilimwita fundi aongeze shikamoo. Sehemu nyingine ya ziada ikaenda Sirari.

Siku ya kwanza nilijiona nimeshinda. Mzee Nyamhanga alifika, mashine ikasema, "Shikamoo. Karibu maziwa." Uso wa mzee ukafunguka.

"Marahaba, binti. Wa nyumbani wazima?"

"Weka chombo."

"Ana haraka," mzee akaniambia, "lakini anajifunza."

Tatizo, mwanangu, ni kwamba kile kijicho hakikujua mtu ni nani. Kilijua tu kwamba kuna kitu kimekaribia. Mashine ikamwamkia kila aliyepita. Vijana ambao hawajapita jandoni waliamkiwa, wakaanza kutembea na fimbo. Mkwe mpya wa jirani, binti aliyeolewa juzi, alifika bila kujua kwamba nyuma ya mashine amesimama baba mkwe wake, ambaye kwa desturi yetu hata kumsogelea hawezi. Mzee wa watu akatokeza, mashine ikawaamkia wote wawili kwa pumzi moja, kama wageni waliokuja pamoja. Binti alitupa kidumu akakimbia. Hakurudi kukichukua, na mama mkwe wake hakurudi kununua.

Sasa unaielewa asubuhi ile. Watoto walikuwa wamegundua kwamba kuamkiwa ni bure. Walijipanga mstari mrefu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anasogea na kifua mbele, anaamkiwa, na wote wanamsaidia kuitikia. Hakuna hata mmoja aliyeshika sarafu. Mteja wa kweli, mchimbaji mwenye chupa mkononi, alisubiri kidogo, akatikisa kichwa, akaenda kununua chai.

Halafu akaja mbuzi. Alitoka pembeni bila wasiwasi wowote, akapita mbele ya kijicho.

"Shikamoo. Karibu maziwa."

Mbuzi akasimama, akaitazama mashine kwa muda, akakojoa.

Watoto walilala chini kwa kucheka. Mimi ningecheka pia, kama nisingemwona Mzee Nyamhanga ng'ambo ya njia. Alikuwa ameona yote. Mtu aliyeitikia marahaba juzi kwa moyo wote sasa alikuwa amemwona mbuzi akipewa heshima ileile.  Aligeuka akaenda zake taratibu, na nilitamani angenitukana.

Alasiri ya siku hiyo fundi alikuwa sebuleni kwangu, na juu ya meza kulikuwa na boksi. Ndani ya boksi kulikuwa na kamera.

"Hii ndiyo dawa, mzee," akasema. "Inasoma sura. Mtoto inamwambia mambo vipi, mzee inampa shikamoo. Mbuzi inanyamaza."

"Ina uhakika na mbuzi?"

"Mbuzi kabisa. Kondoo ndiyo bado wanafanyia kazi."

Mama Ghati alikuwa mlangoni na simu sikioni. Alikuwa akiongea na yule mama wa Ikoma. Akaikata, akaniambia kwa sauti ya chini, ile ambayo baba zetu waliiogopa kuliko kelele: "Kesho jioni nafasi inaenda. Kuna mtu wa chipsi anaililia. Baba Ghati, hela iliyobaki inatosha kianzio cha nafasi ile na cha mashine ya pili. Ikigusa hilo boksi, Ikoma tuisahau."

  Nililitazama boksi. Nilikuwa nimeshatumia nyingi mno kwenye sauti ile kukubali kwamba imenishinda. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye simu, naanza kubonyeza namba ya siri ili nimlipe fundi.

"Hodi humu ndani."

Mzee Nyamhanga, ambaye kumbe alikuwa amesikia yote kutoka nje, aliingia na kibuyu chake. Nikainuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeona ilivyo rahisi?" Akakaa. "Mura," akaniita, kama waitwavyo vijana kwetu, "nilikuwa nakuja kwako kununua maziwa au kuchumbia?"

"Maziwa, mzee."

"Kwa nini basi umeniwekea binti?"

Fundi akajikohoza. "Mzee wangu, tunaleta teknolojia ya kutambua sura, sasa hata wewe itakujua..."

"Chacha hanijui? Amezaliwa ananiona. Ile mashine ni bati, kijana. Bati halinikosei adabu, kwa sababu bati halina mama. Aliyenikosea ni huyu, anayelituma bati liniamkie wakati yeye amesimama pembeni amekunja mikono."

 Mzee akakinyanyua kile chombo chake, akakisimamisha mezani karibu na boksi la kamera.

"Tazama. Kibuyu changu ni kirefu, koki yako iko chini. Hakiingii. Tangu umeleta mashine nanunua kwa kikombe, namimina humu, kikombe, namimina, nusu inakunywa ardhi. Wenzangu wote hivyohivyo. Nimekuambia, wewe ukacheka ukasema mashine inatoka kiwandani hivyo. Mtu wa kiwandani ana kibuyu? Nilisema koki, ukaleta binti. Nikasema binti hana adabu, ukaleta shikamoo. Leo unaleta jicho. Koki lini?"

Kweli aliniambia. Kweli nilicheka. Mama Ghati alikuwa anatazama dari, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Fundi," nikauliza, "kupandisha koki ni shughuli kubwa?"

"Ah, hiyo ni ya welda tu, mzee," akasema kwa huzuni, na akaanza kulifunga boksi lake. "Hata hapo stendi wanafanya."

Kesho yake kianzio cha nafasi kilifika Ikoma kabla ya mtu wa chipsi. Kwa sababu ya ile iliyokwenda Sirari hatukuweza kununua mashine mpya. Tulipata kuukuu, yenye kutu miguuni, bubu kama ukuta. Iliuza tangu siku ya kwanza. Hapa Matongo welda alipandisha koki, spika wakainunua vijana wa bodaboda, na kila asubuhi nilikaa kwenye benchi mbele ya mashine, naamkia wakubwa, naitikia wadogo. Mbuzi niliwaacha wapite.

Sasa nikujibu, mwanangu. Hela yako ya ziada usiipeleke kuipamba mashine uliyonayo ili watu wajue ni yako. Kwanza kaa mbele yake asubuhi kadhaa, uwatazame wanaonunua, na zaidi wanaoondoka bila kununua. Wakikuambia kinachowasumbua, kitengeneze hicho hata kama ni kidogo na hakipendezi kusimulia. Tenga kitu kwa matengenezo, maana koki hufa siku wateja wamejaa. Kikibaki cha kutosha, ndipo utafute mashine ya pili, pale ambapo watu tayari wanalalamika kwa kukosa, na ambapo yuko mtu unayemwamini wa kuiosha. Usinunue ya pili kwa sababu ya kwanza imekutia kiburi. Na mlichokubaliana nyumbani, kifanyeni kabla fundi hajaja kukaza waya.

Baraka yangu kwako ni ileile niliyopewa alasiri ile, sina nyingine nzuri zaidi. Mama Ghati alimletea Mzee Nyamhanga maziwa. Akanywa funda, akatunyunyizia kidogo viganjani kwa midomo, kama wazee wetu wanavyobariki, mimi na mke wangu, na kwa kuwa fundi alikuwa karibu, naye akapata. Akasema: "Mikono hii ipate na isifiche. Watakaokuja kwenu na kiu waondoke wanawataja kwa wema. Nyumba hii isikose maziwa, wala wa kuyanywa." Tukaitikia. Akakishika kibuyu chake, akakataa kusindikizwa, akatoka akinung'unika kitu kuhusu kondoo, na mlango ukafungwa nyuma yake.