Feni ya Jeleira na Dawa ya Shangazi

Siku niliyoigandisha dawa ya shangazi yangu naikumbuka hata leo, mwanangu, na nikiikumbuka natamani kujificha uvunguni. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa hapa Quionga, natengeneza redio, na waliosema bisibisi si kazi ya mwanamke walikuwa wengi. Shangazi Muanaisha, aliyenilea, hakuwa miongoni mwao. Yeye alikuwa na kisukari.

Dawa yake ya sindano ilitaka ubaridi. Tulikuwa na jeleira ndogo, friji ya gesi iliyong'olewa kwenye gari la watalii, yale yenye kitanda na jiko ndani. Kasoro yake moja tu: juu, kwenye mapezi ya chuma yanayotoa baridi, barafu; chini, joto la kuotesha mbegu. Nikasema nitaitia feni, ventoinya kama tuiitavyo, ili baridi izunguke. Nikachomoa feni ya kompyuta mbovu, nikaifunga kwa waya mbele ya mapezi, nikaiunga na betri ya pikipiki. Ikazunguka, nami kichwa kikavimba.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Kwetu mgeni wa heshima huketishwa upande wa upepo, sivyo? Basi na dawa nikaiketisha hivyohivyo, mbele kabisa ya feni. Asubuhi ilikuwa jiwe.

Sikumwambia mtu. Niliishika viganjani mpaka ikayeyuka, nikaifuta, nikairudisha. Nesi wa Palma alikwisha kutuonya kwamba dawa ile ikiganda imekufa, lakini mimi niliogopa vicheko vya majirani kuliko nilivyohofia uhai wa shangazi. Hilo bado linaniuma.

Alipoketi mkekani akaivuta dawa kwenye sindano, ulimi ukanifunguka wenyewe.

"Shangazi, usichome. Iliganda, nikaficha."

Akaiweka sindano chini taratibu, akanitazama.

"Hiyo ventoinya yako, uliijaribu kwa maji kwanza?"

"Sikuijaribu."

"Basi ulitaka kunijaribu mimi. Nipe viatu vyangu twende Palma. Na hospitali utasema wewe, kwa mdomo wako."

Nikasema, na uso umenishuka, akapewa nyingine. Tuliporudi alinikabidhi kikombe cha maji. Siku tatu nikawa nasogeza feni huku na huku, mpaka maji yakapoa bila kuganda, ndipo dawa ikaingia. Majirani walipokuja kuichungulia, aliwaambia, "Kaitengeneza mwanangu huyu," basi. Nilimpenda mno.

Nawe sasa mikono yako imeanza kujua kazi, mwanangu. Ukibuni kitu, kijaribu kwanza kwa kile ambacho kikiharibika hakuna atakayelia. Ukikosea, sema upesi, kabla kosa halijamfikia mwenzio, hata kama watu watacheka, na watacheka kweli. Mficha uchi hazai, na mimi nilikaribia kumzika aliyenilea kwa kuona haya.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, aupe ulimi wako wepesi wa kukiri, na wanaokutegemea nyumbani wapate afya kwa kazi yako. Amina.