Kanuni Nilizomwibia Shemeji

Wapo watu Magogoni na Mtopanga ambao hadi leo wakikumbuka mchezo wetu husema "kanuni za Karani". Karani ni mimi. Kila nikisikia hivyo damu hunichemka, na sina wa kumkasirikia ila nafsi yangu. Kanuni zile niliziiba kwa ndugu wa mke wangu, fundi mwashi aliyeishia darasa la saba, na nimenyamaza tangu miaka ya themanini.

Sanduku la mchezo lililetwa na jirani yetu baharia. Aliniachia mimi kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kitabu kilichokuwa ndani kilikuwa cha Kiingereza. Maneno yake hayo yalinilevya. Ndani mlikuwa pia na madadu ya ajabu, moja lina nyuso ishirini. Mchezo wenyewe ni wa kusimulia. Kila mtu ni shujaa wa kubuni, na msimamizi mmoja anaeleza pango, joka, mlango uliofungwa. Wewe unasema utafanya nini, kisha dadu linaamua kama umefaulu. Wazee wa msikitini walitutazama kwa jicho baya mpaka walipohakikisha hatuchezi kamari.

Tulikutana barazani kwangu Jumamosi baada ya alasiri, watu wanne mkekani. Msimamizi nilikuwa mimi. Wachezaji walikuwa shemeji yangu, kijana mmoja wa bara aliyeuza mitumba, na mama muuza mahamri ambaye shujaa wake alikuwa mchawi.

Kitabu kile kilikuwa balaa. Kupanda ukuta kulikuwa na hesabu yake ya asilimia. Kusikiliza mlangoni kulitaka dadu la nyuso sita, na kuvunja mlango dadu lilelile lakini kwa hesabu nyingine. Ulinzi ndio ulikuwa kichaa kabisa: kadiri ulivyovaa chuma kingi ndivyo nambari yako ilivyoshuka, na ili kujua kama upanga umekupata ilibidi msimamizi apekue jedwali ukurasa wa nyuma. Niliyapenda majedwali yale. Nilipokuwa nayapekua, wote walinyamaza wakinisubiri, na mimi nilipenda kusubiriwa.

Siku moja muuza mitumba alimnunulia shujaa wake vazi la chuma.

"Sasa ulinzi wako ni tatu," nikamwambia.

"Zii! Si nilikuwa na tisa? Nimelipa dhahabu yote halafu nimepunguziwa?"

"Tatu ni bora kuliko tisa."

"Kwa nani?" akauliza mama wa mahamri. "Karani, ukija kesho nikupe mahamri matatu badala ya tisa, utashukuru?"

Walicheka. Mimi sikucheka. Shemeji alisogea mbele.

"Shemeji, mimi nikipandisha ukuta kozi moja, safu moja ya matofali, ukuta umepanda au umeshuka?"

"Umepanda."

"Na mwizi kuuruka?"

"Vigumu zaidi."

"Basi mbona kitabu chako kinajenga kuelekea chini?"

Jumamosi iliyofuata alikuja na daftari la hesabu la miraba, limeandikwa kwa kalamu ya seremala. Aliandika kama alivyojenga, mstari juu ya mstari, kila kitu kwa kipimo. Dadu ni moja tu, la nyuso ishirini. Ukitaka kufanya jambo lolote, tupa, jumlisha ujuzi wako, fikia nambari. Kazi nyepesi kumi, nzito kumi na tano, ya ajabu ishirini. Ulinzi nao ni ukuta. Msingi ni kumi kwa kila mtu. Chuma kinaongeza kozi, ngao inaongeza kozi, wepesi wa mwili unaongeza kozi. Adui akitaka kukupiga, aufikie ukuta wako. Hakuna jedwali.

Nilielewa papo hapo kwamba ni bora. Hilo ndilo linalonitia hasira leo, kwamba nilielewa. Ningekuwa mjinga ningejisamehe.

Nilifunga daftari nikasema, mbele ya wote, "Kitabu kimeandikwa na watu waliosoma. Wewe hata ukurasa mmoja huwezi kuusoma. Rudi ukajenge vyoo."

Hakuna aliyecheka. Shemeji na shemeji hutaniana kwetu, na tulitaniana sana, lakini ule haukuwa utani na kila mtu alijua. Alivaa viatu vyake taratibu, akamuaga dada yake, akaondoka. Daftari alilisahau mkekani, au aliliacha. Sikuwahi kumwuliza.

Wiki mbili baadaye mama wa mahamri alisema ana kazi nyingi. Muuza mitumba alikuja, akasinzia nikipekua jedwali. Nikaona nitabaki peke yangu na madadu yangu. Basi nilifanya nilichozoea kufanya kwenye kazi yangu ya ukarani godauni Changamwe mchana kutwa: nikanakili. Kurasa zote za daftari, kwa mwandiko wangu mzuri wa kikarani, kwenye kitabu kipya chenye jalada gumu. Kisha nikampa mke wangu daftari amrudishie nduguye.

"Umelisoma?" akaniuliza.

"Nimepitia tu."

Alinitazama, akaliweka kabatini.

Niliwaita wachezaji nikawaambia nimeketi, nimefikiri, nimerahisisha. Walifurahi mno. Muuza mitumba alileta rafiki zake wawili wa Mtopanga. Jina la "kanuni za Karani" lilianza siku hiyo, nami niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Mnyenyekevu! Mwizi mkubwa.

Mwezi mmoja haujaisha, shemeji alikuja kumjulia hali dada yake, akakuta mchezo umepamba moto. Alikaa ukingoni mwa baraza akasikiliza. Alinisikia nikisema msingi, nikisema kozi.

Kisha mchawi wa mama wa mahamri akavamiwa usingizini.

"Karani, nimelala. Sina ngao mkononi, wala siwezi kukwepa. Ukuta wangu ni ngapi?"

Nikafunua kitabu changu. Nikafunua tena. Haikuwemo. Sikuweza hata kubuni jibu, kwa sababu sikuwahi kuufikiria ukuta ule, niliunakili tu.

"Shemeji alishanieleza hiyo," ndugu wa mke wangu akasema kwa utulivu, akinionyesha mimi. "Unavuliwa ngao na wepesi. Chuma ulichovaa kinabaki, na msingi unabaki. Sivyo, shemeji?"

"Ndivyo," nikasema.

"Wallahi Karani ana akili!" akasema mama wa mahamri.

Nilimfuata njiani alipoondoka. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kilichonitoka kinywani ni, "Iliandikwa wapi?"

"Ndani ya jalada la nyuma. Karatasi ziliniishia. Hukufunua."

"Jumamosi nitawaambia ni zako."

"Inshallah," akasema, akaenda zake.

Jumamosi ilifika, sikusema. Zikafika nyingine, mia na zaidi. Yeye alihamia Jomvu Kuu akajenga huko, tukawa tunaonana kwenye harusi na Idi, na hata mara moja hakunikumbusha. Ningependa angenitukana. Miaka ya tisini akafa kwa homa. Kwenye maziko muuza mitumba, sasa mtu mzima mwenye duka, alinishika mkono.

"Pole, Karani. Jamaa alizipenda sana kanuni zako."

Kaburi lilikuwa bado bichi. Nilikuwa na nafasi ya mwisho, na shahidi. Nikajibu, "Alizipenda."

Nilipofika nyumbani mke wangu alitoa daftari kabatini. Hakuwa amelirudisha miaka yote ile. Aliliweka mapajani mwangu, jalada la nyuma juu, akaenda jikoni. Kwa siku nyingi hakuniita kwa jina lolote.

Mama wa mahamri naye amekufa akiamini nina akili. Wengine wangali hai, na hawa ndio ninaowaandikia. Kanuni za Karani hazikuwahi kuwapo. Hii hapa ni ile ambayo sikuifunua, neno kwa neno, kwa kalamu ya seremala:

"Aliyelala avuliwe ngao na wepesi. Abaki na chuma chake. Msingi ni kumi, usiguswe. Nimwonyeshe shemeji kwanza, yeye amesoma, atapanga vizuri."