Njiwa Niliotoka Nao kwa Baba

Nyumba yetu ya kisiwani Chole ilikuwa na njiwa tangu kabla sijazaliwa. Walilala kwenye matundu yaliyoachwa ukutani chini ya paa, wakaamka kabla ya muadhini, wakachafua kila kilichoanikwa, na hakuna aliyethubutu kuwafukuza. Kwa watu wa kwetu, binti akiolewa ng'ambo hutoka na jozi moja ya njiwa hao ndani ya tenga, dume na jike waliokwisha zoeana. Wageni walidhani ni pambo la harusi. Si pambo. Njiwa aliyekomaa ukimwachia hurudi alikozaliwa, hata umfungie mwaka mzima, na sisi tulilijua hilo. Binti akionewa kwa mumewe hana haja ya kutuma mtu wala kujieleza. Anawaachia njiwa tu. Wakitua kwa baba yake, baba anachukua bakora anakwenda kumtoa mwanawe.

Siku niliyoolewa mimi, baba alilitia tenga mikononi mwa mume wangu mbele ya watu, akamwambia, "Hawa ndio mdomo wa mwanangu."

Watu walicheka, kwa sababu kila aliyenijua alijua kwamba mdomo ninao wa kutosha na sihitaji wa kuazima. Mume wangu peke yake hakucheka. Alilipokea tenga akalikumbatia kifuani njia nzima, chomboni na barabarani, wala hakukubali mtu amsaidie.

Mdachi, yaani Mjerumani, wakati huo alikuwa bado na boma lake palepale Chole, na baba alikuwa mtu wa mashamba na wa kusalimiwa kwanza. Mume wangu alikuwa mkulima wa Kiegeani, ana minazi yake na nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa upande wa mbele tu. Baba aliikubali posa yake kwa sababu nilimchosha kwa kuisema asubuhi na jioni. Hakulificha hilo, hata kwa mkwe wake.

Basi nikafika Kiegeani, na kitu cha kwanza nilichojengewa hakikuwa jiko, kilikuwa banda la njiwa. Alilijenga kwa fito chini ya mfenesi nyuma ya nyumba, akaliezeka makuti, akalizungushia wavu mkuukuu mara mbili, na badala ya mlango akaacha tundu la kupitisha mkono na kibakuli cha mtama. Mimi niliyezoea njiwa wa kuruka nilisimama nikalitazama banda lile nikaona kichekesho.

"Watatoka lini?" nikamuuliza.

"Wakizoea."

Mvua za masika zikaja zikaisha, embe zikaiva zikaliwa, na kila nikiuliza nikajibiwa wakizoea. Nina hasira za karibu, sikatai. Nilianza kuliona banda lile kuwa tusi kwangu. Mwanamume anayewafungia njiwa wa mkewe, tuseme nini juu yake? Ama anaonea, ama amekusudia kuonea. Na huyu wangu hakuniinulia hata sauti. Nilikuwa nikimtafuta kosa silioni, na hilo nalo likaniudhi.

Aliyenifumbulia ni mama mkwe. Alikuwa kizingitini anasuka ukili wa mkeka, nami nikawa nalalamika kwa sauti ili mwanawe asikie kutoka shambani.

"Mwanangu," akasema, "mwache mwenzio. Unajua kwamba alioa kabla yako."

"Najua, mama."

"Yule naye alitoka huko huko upande wenu, kisiwa cha Juani, akaja na tenga kama lako. Mwanangu akaona huruma, akawaachia njiwa watembee. Wakarudi kwao. Hata wiki haikwisha, kaka zake wakafika na chombo, wakamchukua dada yao bila kuuliza kitu. Talaka ikadaiwa kutoka huko huko."

"Na mwenyewe hakusema kwamba hakuonewa?"

Mama mkwe akacheka mpaka ukili ukamtoka mkononi. "Aseme nini? Alikwenda pwani mbio, kanga hajaifunga vizuri. Alikuwa keshachoka zamani, Kiegeani haikumpendeza. Njiwa wanasingiziwa bure. Lakini bwana wako ukimwambia hivyo hasikii. Kwake yeye, njiwa ndio waliomvunjia nyumba."

Kwanza nilikasirika zaidi, kwa kupimwa kwa kibaba cha mwanamke mwingine. Halafu, jioni, nikamwona mume wangu amechuchumaa mbele ya banda akiukagua wavu kwa vidole, tundu baada ya tundu, na moyo ukaniuma. Nilimpenda. Nilikuwa nimempenda tangu Chole, na hapo nikajua kwamba yeye haamini.

Njiwa wenyewe, maskini, hawakuwa na habari ya mambo yetu. Kivulini kule chini ya mfenesi jike alitaga mayai ya ganda laini yaliyopasuka chini ya tumbo lake. Akataga tena, wakaanguliwa makinda, na mmoja akakua miguu imetanuka huku na huku, hawezi kusimama. Nilimchukua mkononi nikampelekea mume wangu.

"Tazama. Njiwa anataka jua, na anataka kudonoa mchanga na vigae vya kombe. Huyu tumemlemaza sisi."

"Nitamlisha kwa mkono," akasema. "Kinda akiwa kilema nitamlisha. Wewe ukiondoka nitafanya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kugomba, nikauacha ugomvi nikamrudisha kinda bandani. Si jambo linalonitokea mara nyingi.

Yule kinda alikufa. Mume wangu alimzika, hakumtupa, na kesho yake akalihamisha banda lote juani, akaongeza ukumbi wa wavu ili ndege waote jua, akaponda makombe ya pwani akawamwagia. Mayai yaliyofuata yakawa magumu, na makinda wawili wakatoka wazima, wanene, wenye kelele. Kwa mara ya kwanza niliona furaha usoni pake alipokuwa akilitazama banda. Nikafikiri, sasa atafungua. Hakufungua. Makinda wakaota mbawa kamili, wakawa wanajigonga kwenye wavu kila asubuhi, naye anawatazama na kuondoka zake shambani.

Mwisho nilimwambia wazi, mama yake yupo anasikia. "Mume wangu, mimi nina miguu. Ningetaka kuondoka ningepita mlangoni, mchana, sanduku langu kichwani, na maneno yangu ungeyasikia mpaka msikitini. Nisingemngoja njiwa. Sasa wewe unawafunga hawa kwa faida gani?"

Alikula chakula chake polepole, akanawa, akatoka.

Asubuhi moja, siku kadhaa baadaye, nilikuwa nafagia uani nikasikia mbawa. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya banda, kipande cha wavu kimening'inia mkononi. Makinda walikuwa wamekwisha panda juu ya paa la nyumba, wanashangaa. Wale wakubwa walizunguka mara moja juu ya minazi, wakanyooka kuelekea baharini. Hawakugeuka nyuma hata kidogo.

"Nimewafungulia," akasema.

Nilikuwa nimelitaka jambo hilo tangu siku niliyoingia nyumba ile, na sasa lilipotokea nilitamani warudi. Namjua baba yangu. Baba hakuwa mtu wa kuuliza kwanza. Na nilijua pia kwamba moyoni mwake hakuwahi kuridhika na Kiegeani, kwamba sababu ndogo tu ingemtosha, na hii haikuwa ndogo. Akinirudisha Chole, kunitoa tena ingekuwa kazi nyingine.

"Leo? Bila ya kuniambia? Ungengoja nimpelekee baba salamu kwanza! Mtume mtu mara moja avuke!"

"Hatutumi mtu," akasema. "Akija, aje."

Hapo ndipo nilipochemka. Siku ile nzima nilimgombeza, na kulipokucha nikaendelea nilipoachia. Nilimwambia hana akili. Nilimwambia kichwa chake kimejaa makumbi ya nazi. Nilimwambia atakaa peke yake anikumbuke, na hata wa kumpikia uji hatampata, maana mama yake amezeeka. Mama mkwe akadakia kwamba hajazeeka kiasi hicho. Nikamwambia, mama, tafadhali, usiniingilie.

Katikati ya maneno hayo tukasikia mtu anakohoa nyuma ya ua. Baba alikuwa amesimama pale, bakora mkononi, na nyuma yake kaka yangu mkubwa amebeba tenga, ndani yake njiwa wale wawili. Sijui walikuwa wamesimama muda gani. Kaka yangu alikuwa akijiuma midomo asicheke, kwa hiyo nadhani muda wa kutosha.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba." Baba akanitazama kichwa mpaka miguu. Nilikuwa nimenenepa tangu niolewe. Akamtazama mume wangu aliyekuwa amejibanza ukutani. "Nimekuja kumchukua mtu anayeonewa," akasema. "Sasa sijui nimchukue nani."

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini, na kaka yangu akaliweka tenga chini naye akaangua kicheko. Mimi sikucheka bado. Wala mume wangu. Baba naye hakuwa akicheka. Alimkazia macho mkwe wake.

"Nani aliyewafungulia?"

"Mimi, baba."

"Ulijua watakuja kwangu?"

"Nilijua."

"Ulijua nitakuja?"

"Nilijua, baba."

"Basi kwa nini?"

Mume wangu akalitazama tenga. "Nimechoka kuogopa," akasema. "Kila siku natazama wavu, namtazama na yeye, sijui kama anakaa kwa kupenda au kwa sababu nimefunga. Nikaona bora uje umuulize, mimi nisikie."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo mmoja. Baba akaishusha bakora. Akanigeukia.

"Nakuuliza mara moja, mwanangu. Chombo kiko pwani ya Utende. Twende?"

"Siendi, baba. Hapa ndipo kwangu."

Nilisema bila kufikiri. Nikamwona mume wangu akiteleza ukutani taratibu mpaka akakaa chini, kichwa katikati ya magoti, mabega yanamcheza. Mama yake akaenda akamwekea mkono shingoni. Na mimi nikaenda nikakaa chini kando yake.

Baba akakohoa, akaenda kulitazama banda ili asitutazame sisi. Makinda walikuwa wameshuka kutoka paani, wameingia wenyewe, wanadonoa mtama, na wavu uko wazi. Akawatazama kwa muda.

"Hawa walizaliwa hapa?"

"Hapa hapa," nikamjibu.

"Basi hawa wenu. Waacheni wazi, hawatakwenda popote. Wale wazee wangu narudi nao. Mkiwafunga mnawatesa, na mkiwaachia mtanichosha kuvuka."

Alikula kwetu mchana ule, wali na samaki wa nazi, akamtania mume wangu kuhusu makumbi ya nazi yaliyomo kichwani mpaka yule naye akacheka, uso umemvimba kwa machozi. Nilipomsindikiza baba mpaka njia ya Utende, kaka yangu ametangulia na tenga, alisimama akawa anachora mchangani kwa ncha ya bakora.

"Chumba chako," akasema, "sikukitia mtu wala kitu tangu uolewe. Kila wiki nilikuwa nakifagilisha, kitanda kimetandikwa. Mama yako akinicheka." Akakifuta alichokichora kwa mguu. "Leo nikifika nitakifanya ghala, nikijaze mbata."

Akaondoka bila kugeuka. Nilisimama njiani nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi, na mwanamke aliyekuwa akipita na kuni kichwani akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna aliyefariki, mama, ni furaha tu.