Leo Nimesimama Hadi Mwisho wa Kipindi

Mniwie radhi kwa kimya cha miezi mingi.
Leo nimeadhibiwa darasani, na mwalimu ni mimi.

Tangu nistaafu ualimu wa shule nafundisha Kiingereza watu wazima hapa Mlandege. Sheria yangu ni moja: anayesahau maana ya neno husimama hadi kipindi kiishe. Sijawahi kumsamehe mtu.

Leo tulisoma maneno yanayoanza kwa K na N. Knee, goti. Knife, kisu. Nikaandika knead ubaoni, nikageuka niwape maana yake.

Haikuja.

Neno nililolifundisha miaka thelathini! Na hii ni mara ya pili mwezi huu.

Mama Tuli, muuza maandazi, akaanza kusukuma ngumi zake juu ya dawati.
"Kukanda, Mwalimu. Si ulinisimamisha kwa neno hilohilo mwaka jana?"
"Asante. Tuendelee."
"Tuendelee wapi? Sheria ni sheria. Simama!"
"Mbona nimesimama tayari?"
"Hapo umesimama kikazi. Njoo usimame huku kwetu."

Darasa zima likacheka. Nikampa chaki, nikaenda kusimama nyuma. Akaimaliza orodha yote, na hakukosea hata neno moja.

Kipindi kilipokwisha sikumwomba chaki yangu.

Mnaonijua, niambieni bila kunionea haya: je, nimwachie darasa? Jumatatu lazima mtu mmoja asimame mbele. Nikishaamua kuidai chaki au kuiacha mkononi mwake, nitawaandikia.